Dina ya kifahari, baga ya dola 18 na mama aliyetoka Tanga

Msomaji wetu anayeishi Chicago ametuandikia kwamba mama yake amekuja kumtembelea kutoka Tanga kwa majuma sita, na kwamba wenzake kazini wamemsifia dina moja mpya ya kifahari (dina ni mkahawa mdogo wa Kimarekani wa vyakula vya kila siku) iliyofunguliwa karibu na ofisi yao. Ameitazama menyu, akaona baga dola 18, mayai mawili na viazi dola 17, pankeki dola 16 na kahawa dola 5, bado kodi na bakshishi. Anauliza mambo matatu: kama hiyo ni dina kweli au ni jina tu, kama chakula hicho kinastahili bei hiyo, na kama mama yake, Muislamu anayeishika dini yake na asiyezoea kukaa kwenye viti virefu mbele ya wapishi, ataburudika au ataona haya.

Dada yangu, mpeleke mama, lakini usimpeleke Jumamosi asubuhi, wala usimpeleke kwa ajili ya baga. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika majiko ya mikahawa ya Marekani kabla ya kuhamia upande wa kuyaandikia, na kosa ninaloliona kwa wageni wengi, wakiwamo ndugu zetu wa Afrika Mashariki, ni kuiendea dina ya kifahari kama wanavyoiendea hoteli kubwa, wakaagiza kilicho ghali kuliko vyote, kisha wakatoka wakisema wameibiwa. Dina haipimwi hivyo, hata ikiwa na taa za shaba na kaunta ya marumaru.

Dina ilianza kama gari la kukokotwa na farasi. Mwaka 1872, mjini Providence katika jimbo la Rhode Island, mtu aitwaye Walter Scott alianza kuuza chakula usiku kutoka ndani ya gari la namna hiyo, akiwalenga wafanyakazi wa gazeti la mji na watu wengine wa zamu ya usiku ambao mikahawa ya kawaida ilikuwa imeshawafungia milango. Mteja alisimama barabarani na kupokea chakula chake dirishani. Miaka ya 1880, huko Worcester katika jimbo la Massachusetts, Samuel Jones akaleta gari ambalo mteja aliweza kuingia ndani na kula bila kunyeshewa, na haukupita muda mrefu vikazuka viwanda vilivyojenga vyumba vizima vya kulia, vyembamba kama behewa la treni, vikasafirishwa vikiwa vimekamilika hadi kiwanjani. Kampuni ya Worcester Lunch Car peke yake ilitengeneza 651 kati ya mwaka 1906 na 1957. Jina lenyewe ni ufupisho wa behewa la kulia chakula.

Nimelieleza umbo hilo kwa sababu ndilo lililozaa mapishi. Chumba chembamba hakina nafasi ya jiko la nyuma, kwa hiyo mpishi alipikia mbele ya macho ya wateja, na chombo chake kikuu kilikuwa bamba moja pana la chuma lenye moto chini yake. Juu ya bamba hilo hilo hupita mayai, viazi, pankeki, nyama, vitunguu na mkate, kila kimoja mahali pake, kwa sababu pembe moja ina moto mkali kuliko nyingine na mpishi mzoefu anazijua zote kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani. Chakula kilikuwa cha bei nafuu, cha haraka, na kilipatikana saa ambazo kwingine hakuna. Ukitaka mfano wa kwetu, mfikirie mama ntilie aliyeweka meza yake mbele ya lango la kiwanda, kisha wajukuu wa wateja wake, wakiwa na mishahara ya ofisini, wakaifungua upya meza hiyo na kuuza maharage yale yale kwenye sahani za kauri zilizofinyangwa kwa mkono.

Wala wajukuu hao hawakuanza jana. Katika mtaa wa Chelsea jijini New York kuna Empire Diner, chumba cha chuma cha pua kilichojengwa mwaka 1946 na kampuni ya Fodero, ambacho mwaka 1976 kilifunguliwa upya na watu waliowasha mishumaa mezani na kuweka piano. Wakati huo dina nyingi za zamani zilikuwa zimeshachoka, zimezidiwa na migahawa ya chakula cha haraka, na wazo la kula chakula cha dereva wa lori huku mtu akipiga piano lilionekana kama kichekesho. Kichekesho hicho kimegeuka kuwa biashara. Katika jiji hilo hilo, tangu mwaka 2019, mpishi Sam Yoo anaendesha Golden Diner, karibu kabisa na Daraja la Manhattan, ambapo mkate wa yai na jibini wa New York huja katika mkate laini wenye majani ya vitunguu unaotokana na mikate ya Wachina wa mtaani hapo. Yoo alipitia majiko ya daraja la juu kabla ya kufungua dina, na hilo ndilo linalozitofautisha dina mpya na za kale: mpishi aliyefunzwa kupika vyakula vigumu anaamua kupika vyepesi.

Kwenu Chicago mfano unaotajwa zaidi ni Au Cheval, iliyofunguliwa na Brendan Sodikoff mwaka 2012 katika barabara ya Randolph, eneo ambalo zamani lilikuwa la wauza nyama na mboga za jumla. Jina ni neno la mapishi ya Kifaransa: chakula kilichopandishwa yai la kukaanga juu yake, kama mtu aliyepanda farasi. Sifa zake zimetokana na baga, na baga hiyo ina mtego unaowachekesha wenyeji: ukiagiza moja, unaletewa vipande viwili vya nyama, na ukiagiza ya vipande viwili, unaletewa vitatu. Mwishoni mwa mwaka huo huo, katika barabara hiyo hiyo, Stephanie Izard alifungua Little Goat, ambayo mwaka 2023 ilihamia mtaa wa Lakeview. Izard ni mpishi aliyeshinda shindano la televisheni la Top Chef mwaka 2008 na kupata tuzo ya James Beard mwaka 2013. Mbuzi aliye katika jina la mkahawa wake anatokana na jina lake la ukoo, kwa kuwa izard ni mnyama wa jamii ya mbuzi wa milima ya Pirenei, kwa hiyo asije mama akatarajia mchuzi.

Sasa bei. Katika biashara ya mikahawa Marekani kuna kanuni ya zamani kwamba gharama ya viungo isizidi takriban asilimia 30 ya bei iliyo kwenye menyu. Baga ya dola 18 basi ina kama dola tano na nusu za nyama, mkate, jibini na kachumbari ya siki. Mishahara inakula kiasi kama hicho au zaidi, kodi ya pango katika mtaa uliopanda thamani inachukua sehemu yake, na kinachobaki kwa mwenye mkahawa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo ukiniuliza kama unaibiwa, jibu langu ni hapana. Ukiniuliza kama unachopata ni bora mara mbili kuliko cha dina ya kawaida, jibu linategemea kabisa ulichoagiza, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize.

Agiza mayai. Najua linasikika kama ushauri wa bahili, lakini yai ndicho chakula ambacho mpishi hawezi kujificha nyuma yake. Mhudumu atakuuliza unayataka vipi, na swali hilo huwababaisha wageni kwa sababu kwetu yai likikaangwa limekaangwa. Unaweza kuyataka yasigeuzwe, kiini kikiwa kinatazama juu, au yageuzwe kwa sekunde chache tu ili kiini kibaki majimaji, au yageuzwe yakauke kabisa, au yavurugwe, au yapikwe ndani ya maji yasiyochemka sana. Katika dina nzuri, ya bei yoyote, yai litakuja vile vile ulivyolitaka. Ute utakuwa umeganda lakini haujawa mpira, kingo hazitakuwa zimeungua, na mayai ya kuvuruga yatakuwa na unyevu unaong'aa badala ya kutoa maji sahanini. Dina ya kifahari ikikosea yai, haina haki ya kutoza dola 17, na unaweza kulirudisha bila kuona haya. Jikoni hatukuwahi kumchukia mteja aliyerudisha yai. Tulimchukia aliyeacha sahani nzima kisha akaenda kulalamika mtandaoni.

Viazi ni kipimo cha pili. Vinakunwa, vinakamuliwa maji, vinatandazwa juu ya bamba na kuachwa. Kazi ngumu ni huko kuviacha, maana mpishi mwenye haraka hugeuza mapema na kutoa kitu cheupe chenye mafuta. Vikiachwa muda wake vinafanya ukoko wa rangi ya dhahabu, na mama yako ataujua ukoko huo mara moja, kwa sababu ndio ule ule tunaougombania chini ya sufuria ya wali. Baga nzuri za dina hutegemea jambo hilo hilo: nyama inakandamizwa juu ya chuma chenye moto mkali ili upande mmoja ufanye ukoko kabla ndani hakujakauka. Pankeki zisikupe shida, mama atazifananisha na chapati za maji zilizovimba, isipokuwa ukubwa wake. Agizeni sahani moja mle wawili.

Kahawa nitaipitia haraka. Katika dina ya kale unalipia kikombe kimoja na mhudumu anapita na birika kukiongeza mpaka useme basi, na desturi hiyo imebaki katika baadhi ya zile za kifahari kwa kahawa ya kawaida tu. Kahawa ya mashine, ile yenye povu la maziwa, hulipiwa kila kikombe. Uliza kabla ya kukubali cha pili. Maji ya bomba yenye barafu ni bure, na mhudumu akikuuliza aina ya maji unayotaka, anakuuliza kama uko tayari kununua ya chupa.

Upande wa dini unahitaji uangalifu zaidi, na ndio ulionifanya niseme usiende kwa ajili ya baga. Nyama ya ng'ombe katika dina hizi kwa kawaida haikuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Wapo Waislamu wanaoila nyama iliyochinjwa na Ahlul Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi, na wapo wasioila, na hilo ni la mama na masheikh wake, si langu. Langu ni kukueleza kinachotokea juu ya bamba. Bekoni, yaani vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe, hupikwa juu ya chuma kile kile kinachopika mayai, na katika dina nyingi mafuta yake ya nguruwe ndiyo yanayovipa viazi ladha. Mwambie mhudumu mapema, kabla hamjachagua, kwamba hamli nguruwe kwa sababu ya dini, na uombe mayai na viazi vipikwe katika kikaango cha pembeni kwa siagi. Hapa dina ya kifahari ina faida ya kweli juu ya ile ya bei nafuu, kwa kuwa jiko lake la nyuma lina vikaango vya kutosha na wapishi wengi zaidi, na kwa kuwa wahudumu wake wamefundishwa kuyapeleka maombi kama hayo jikoni bila kukunja uso. Usidanganye kwamba mama ana mzio. Neno hilo husimamisha kazi jikoni, wapishi hubadilisha glavu na visu, na siku watakapogundua watu hulitumia ovyo ndipo mgonjwa wa kweli atakapodharauliwa.

Pombe nayo hujificha mahali usipoitarajia. Dina mpya hupenda kuorodhesha milkisheki za watoto na zile zenye wiski katika ukurasa mmoja, zikitofautishwa na mstari mmoja wa maelezo. Michuzi ya nyama inaweza kuwa na divai, na vitamutamu vyeupe laini vinavyowekwa juu ya vinywaji vya chokoleti mara nyingi vina jelatini ya nguruwe. Mimi mwenyewe, katika mkahawa ambao sitautaja, niliwahi kuletewa pankeki pamoja na shira ya mti wa mepo iliyochanganywa na wiski, na nilipouliza nikaoneshwa kwamba menyu ilikuwa imeandika, kwa herufi za kusomwa na sungusungu. Kwa hiyo soma mpaka mwisho wa kila maelezo, hata ya kitu unachodhani unakijua.

Kuhusu kukaa, hofu yako ninaielewa. Viti virefu vya kaunta havina mgongo, miguu ya mtu mzima huning'inia, na kwa mama aliyevaa baibui kupanda kiti kile mbele ya watu si jambo la heshima wala la raha. Omba viti vya ukutani, vile vya kuelekeana vyenye migongo mirefu, na uombe mapema wakati wa kujiandikisha mlangoni, maana ukishapelekwa kaunta ni vigumu kuhama. Hata hivyo, chagua meza ambayo kutoka hapo mama anaweza kuliona bamba. Nimewaleta wazee kadhaa mahali kama hapo, na walichokisimulia waliporudi nyumbani kilikuwa yule kijana aliyepasua mayai mawili kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukigeuza viazi, wala hakuna aliyekumbuka taa.

Wakati wa kwenda una uzito kuliko mkahawa utakaouchagua. Jumamosi na Jumapili kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, dina maarufu za Chicago hujaa kiasi cha watu kusubiri saa nzima au zaidi, nyingi hazishiki nafasi kwa vikundi vidogo, na wapishi wakiwa wamezidiwa hata yai huja limeharibika. Nenda Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi, wanaokimbilia ofisini wakiwa wamekwisha kuondoka na wa chakula cha mchana hawajaja. Na ukitaka mama aone asili kabla ya nakala, siku moja kabla mpeleke Lou Mitchell's, katika barabara ya Jackson, mkahawa ulioanza mwaka 1923 na ambao hadi leo huwapa wateja wanaosubiri vidonge vya donati. Hakuna marumaru hapo. Kesho yake ataielewa dina ya kifahari vizuri zaidi kuliko wenzako wa ofisini.

Sasa bili, ambayo inaweza kukuudhi. Mhudumu ataileta kabla hujaiomba, pengine mama angali anatafuna, akisema usiwe na haraka. Kwetu hilo ni kumfukuza mgeni. Kwao ni sehemu ya huduma, nanyi kaeni, mkamalize, kwa muda wa kiasi. Bakshishi si hiari kwa maana tunayoijua sisi. Sheria ya shirikisho inaruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, ilimradi bakshishi ijazie hadi kima cha chini cha kawaida. Chicago ina viwango vya juu kuliko hivyo, na mwaka 2023 Baraza la Jiji lilipitisha sheria ya kupunguza pengo kati ya malipo ya wahudumu na kima hicho cha kawaida hatua kwa hatua kuanzia Julai 2024, lakini desturi ya kuacha asilimia 18 hadi 20 bado ipo palepale. Tazama kwanza kama bili ina ada ya huduma iliyokwishaongezwa, kwa sababu baadhi ya mikahawa ya aina hii huiongeza yenyewe kisha mashine ya kadi inakuuliza tena bakshishi, na wengi wetu tumelipa mara mbili kwa kuona haya kuuliza.

Nikukadirie. Sahani moja ya mayai na viazi, sahani moja ya pankeki na kahawa mbili ni dola 43. Kodi ya chakula cha mkahawani huko kwenu inazidi asilimia 10, kwa hiyo weka kama dola 5, na bakshishi ya asilimia 20 ni karibu dola 9. Mtatoka na bili ya dola 57 hivi, na chakula kikibaki, omba kasha la kubebea, jambo ambalo hapo halimshushii mtu hadhi. Viazi ukivirudisha nyumbani usivitie kwenye maikrowevu, vitanyong'onyea. Vitandaze kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, na uviache mpaka uusikie ukoko ukirudi.